Kuwamba Skrini ya Sinema Katika Nyumba ya Chokaa

Jora la bafta, kile kitambaa cheupe cha pamba, ninalolitumia kibandani kwangu lina upana wa inchi 60, yaani sentimita 152, na skrini yangu ya kwanza niliipanga kwa kufuata kipimo hicho. Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kipo Mtwara mjini, jioni napanda daladala kurudi Mikindani, kwenye nyumba aliyotuachia babu. Kitambaa nakijua. Mwanga, mbao na ukuta ndivyo vilivyonifundisha, na mafunzo hayo yalianza na mvua za Desemba yakaisha kusi imeshaanza kuvuma.

Nilifanya yote haya kwa ajili ya mama. Miguu haimpeleki mbali tena, na macho yamechoka. Mjukuu wake aliolewa Mwanza, hatukuweza kumsafirisha, tukaletewa video ya harusi. Nilimpa simu akaisogeza karibu, akaipeleka mbali, akanirudishia. "Naona weupe tu unaokwenda na kurudi, mwanangu." Kwenye televisheni yetu ya inchi 32 aliona kuna watu, lakini sura hakuzipata. Ndipo mtoto wa kaka yangu akaja na projekta ya mtumba kwenye mfuko wa rambo, akasema, "Shangazi, bibi tutampigia ukutani."

Tukampigia ukutani. Lakini ukuta wa chokaa si ubao. Huu wetu umepakwa ukapakwa tena, baba kwa babu, una vibonyeo na vinundu ambavyo mchana huvioni. Bi harusi akisogea kulia shavu linavimba, akisogea kushoto linabonyea. Na chokaa kuukuu ina umanjano wake, kwa hiyo shela lililokuwa jeupe pe lilionekana kama limefuliwa kwa maji ya kisima. Nikasema hapa panahitaji kitambaa, na kitambaa ninacho.

Chumba tulichokichagua ni cha nyuma, chembamba kama vyumba vingi vya nyumba za mawe za pwani: upana mita 2.7, urefu mita 5 na kidogo. Wembamba huo umetokana na boriti. Mti wa mkoko una urefu wake, na waliojenga walifuata mti. Dari ya mawe iliporomoka zamani, babu akaweka bati, ila boriti zenyewe zimebaki zikivuka kutoka ukuta hadi ukuta. Wakati huo sikuzitilia maanani, nilikuwa natazama ukuta wa mwisho tu.

Hesabu ya ukubwa niliifanya vizuri. Picha ya siku hizi ina uwiano wa 16 kwa 9. Skrini ya inchi 100, ambayo hupimwa kona hadi kona, inatoka na upana wa sentimita 221 na kimo cha 125. Ukitoa 125 kwenye bafta ya 152 zinabaki 27, yaani 13 na nusu kila upande: 5 za unene wa ubao, 5 za mgongo wake, na tatu na nusu za kushika kwa vidole wakati wa kuvuta. Ukitaka kubwa zaidi ya hapo kwa mbali, utaunga kitambaa, na mshono ukipita katikati ya picha utauona kila usiku hata ungeushona kwa mkono mwepesi namna gani. Mbao nazo zilinikubali. Za mbili kwa mbili huuzwa kwa urefu wa futi 12, na tatu zilitosha: ya kwanza na ya pili kila moja ikatoa ubao mrefu mmoja na mfupi mmoja, ya tatu ikatoa nguzo ya katikati na vipande vya kuimarishia kona.

Kosa la kwanza lilikuwa mbao zenyewe. Nilinunua paini, zile zinazoshuka kutoka Mafinga, na nilizinunua siku ya mvua zikiwa zimerundikwa nje. Zilikuwa nzito, nikadhani uzito ndio uimara. Kumbe ni maji. Ndani ya wiki mbili fremu ilijinyonga: kona ya juu kushoto ilitoka ukutani kwa unene wa vidole viwili huku ya chini kulia ikibana ukuta. Baadaye fundi seremala mmoja wa mjini alinionyesha namna ya kuchagua. Unaushika ubao kwenye ncha moja, unafumba jicho moja na kuutazama kwa urefu wake kama unatunga uzi kwenye sindano. Uliopinda unajionyesha wenyewe. Kisha unaunyanyua pamoja na mwenzake wa kipimo kilekile, mzito unauacha. Na ukifika nao nyumbani, usiukate. Ulaze ndani juu ya vipande vya matofali, kila ubao na nafasi yake hewa ipite, uzoee unyevu wa nyumba yako. Za mara ya pili nilizilaza mwezi mzima.

Kosa la pili linanihusu mimi kama fundi wa nguo, kwa hiyo liliniuma zaidi. Tepu yangu ya kushonea ina sentimita 150 na mwisho wake ndio huo. Ulalo wa skrini ni 254. Nilipima mara mbili, nikaweka alama ya chaki pale tepu ilipoishia, nikajumlisha. Ulalo mmoja nikaupata 254, wa pili 254, nikaridhika. Tulipowasha projekta mwanga uligusa ukingo kushoto na kulia, lakini upande wa juu ulikuwa umelala kwa karibu sentimita mbili. Tepu ya kitambaa hunyumbuka, na ukiiunga katikati unalibeba kosa lako ukaliongeza. Yule seremala hakutumia namba kabisa. Alichukua uzi wa mafundi uashi, akauvuta kona hadi kona, akafunga fundo, akahamisha uzi uleule kwenye kona mbili nyingine. Fundo lilipita kona. Akasukuma fremu kwa goti mpaka fundo likakaa sawasawa pande zote mbili, ndipo akapiga skrubu vipande vya pembetatu vya plaiwudi kwenye kona zote nne. Kwenye kila kona alihakikisha tena kwa 60, 80 na 100: sentimita 60 upande mmoja, 80 upande wa pili, na kati ya alama hizo mbili lazima iwe 100 kamili. Isipokuwa 100, kona si mraba.

Sasa bafta. Watu wengi watakuambia chukua shuka, vuta, piga pini. Bafta mpya ina kanji ndani yake, ukiiwamba bila kuifua itakaa vizuri wiki moja, halafu unyevu ukiingia italegea na kufanya mawimbi. Niliifua, nikaianika kivulini, nikaipiga pasi ikiwa na unyevunyevu bado. Ilirudi kutoka 152 hadi 147. Zile sentimita za kushikia zikawa zimeliwa, nikalazimika kushonea pindo la kitambaa kikuukuu kuzunguka pande zote ili nipate pa kushika, nikalikata baada ya kuwamba.

Namna ya kuwamba nilijifunza kwa mjomba, aliyekuwa akiwamba ngoma. Kiswahili kina msemo kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kwa skrini usiufuate. Ukianza kona moja ukazunguka, unakusanya ulegevu wote mbele yako na unafika kona ya mwisho na kitambaa kilichojaa mikunjo. Anza katikati ya upande mrefu, pini moja. Vuka upande wa pili, vuta, pini moja. Halafu katikati ya upande mfupi, na mwenzake. Kisha pini moja kulia na moja kushoto ya ile ya kwanza, uvuke tena, hivyohivyo hadi kona, na kona zenyewe ziwe za mwisho. Nyuzi za mtande, zinazokwenda na urefu wa jora, hazinyumbuki sana. Za mshindio hunyumbuka. Kwa hiyo mkono uvute kwa nguvu tofauti, na usivute kabisa kwa mshazari, maana hapo kitambaa kinakupa ulegevu ambao hautarudi. Niliazima mashine ya pini kwa fundi wa sofa, nikapiga pini kila baada ya vidole vitatu. Ukibisha kitambaa kwa kucha kilikuwa kinalia.

Nilikitundika kwa misumari minne ya inchi nne. Kikapendeza. Mama aliingizwa chumbani jioni, kabla hatujazima taa, akasimama mlangoni na fimbo yake akitazama. Hakusema kitu. Akageuka akarudi chumbani kwake.

Nilimfuata. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ile sanda umeiweka pale kwa nini?"

Baba alioshwa kwenye chumba kile. Nilikuwa nimesahau, au nilikuwa nimeamua kutokukumbuka, sijui. Bafta ninayoikata kila mara kwa ajili ya misiba ya watu, kwa mkasi uleule, nilikuwa nimeitandaza nyeupe ukutani mahali palepale. Sikumjibu kwa maneno ya mwanga na uwiano. Nilikifunika kwa khanga usiku ule, na harusi haikuangaliwa.

Kitambaa kilikaa kimefunikwa hivyo wiki tatu. Usiku mmoja wa mvua tulisikia kishindo. Misumari miwili ya juu ilikuwa imetoka na vipande vya lipu vyenye ukubwa wa ngumi, fremu imeangukia kona yake na kuvunjika. Mgongoni kwa bafta, pale ilipokuwa ikigusa ukuta, palikuwa na madoa ya kuvu ya kijivu, na kwenye ubao wa chini mchwa walikwisha kupandisha udongo wao. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu.

Asubuhi nilianza kukoroga saruji nizibe matundu. Mzee mmoja wa jirani, muashi wa tangu enzi, akanishika mkono. Alisema, "Ukuta huu, mwanangu, nguvu zake ni za kushuka chini. Haukujengwa ushikwe na msumari." Akanieleza kwamba chokaa hupitisha unyevu, unaingia na kutoka, na saruji haipitishi. Ukibandika kiraka cha saruji katikati ya chokaa, maji yanajikusanya nyuma yake na lipu ya kandokando inaanza kumomonyoka. Tuliziba kwa chokaa na mchanga. Kisha akanyoosha kidole juu. "Mbona boriti zipo?"

Kweli zilikuwepo. Mti wa mkoko mchwa hawaupendi, na boriti ya mwisho inavuka chumba sambamba na ule ukuta, mbele yake kwa sentimita 30 hivi. Skrini ikining'inia pale haigusi ukuta, hewa inapita nyuma, na hakuna tundu hata moja la kutoboa. Nilinunua mnyororo mwembamba, nikauzungushia boriti sehemu mbili, fremu ikaning'inia kwa kulabu. Uzuri wa mnyororo ni kwamba unashusha au kupandisha tundu moja moja mpaka pimamaji ikubali.

Kulabu zilinipa kazi. Mara ya kwanza nilizifunga mgongoni mwa fremu, nikaona skrini imeinamisha uso, chini imeingia ndani kwa sentimita 5. Uzito wa fremu unatafuta kukaa chini ya mahali iliposhikwa, na mimi niliishika nyuma. Nikazihamishia juu ya ubao, katikati ya unene wake. Nikashusha timazi mbele ya kitambaa, uzi ukapita umbali uleule juu na chini. Kwa upepo, maana dirisha linaelekea ghuba na kusi ikianza kila kilichoning'inia kinacheza, nilishona vifuko viwili vya turubai, nikavijaza mchanga, nikavifunga kwenye kona za chini kwa nyuma.

Lakini kabla ya hayo yote, mara hii ya pili, nilianza na mwanga. Hili ndilo ninalomwambia kila anayeniuliza: washa projekta kwanza, uishi na picha siku kadhaa, ndipo utafute ubao. Tulining'iniza kwenye boriti shuka kuukuu, tukaiweka projekta sehemu mbalimbali, na kila nafasi nzuri nikaichora kona zake kwa chaki yangu ya kushonea. Projekta yetu inataka mita moja na nusu ya umbali kwa kila mita ya upana wa picha. Upana wa 2.21 unataka mita 3.3, na zinahesabiwa kutoka kwenye kitambaa, si kwenye ukuta. Zile sentimita 30 za nyuma ya skrini zilitosha kunipotezea picha kama ningezisahau.

Kimo nacho. Skrini ya kwanza niliiweka juu, kama watu wanavyotundika picha za ukoo, na projekta ikawa kwenye kigoda imeinuliwa pua. Picha ikatoka pana juu na nyembamba chini. Kijana akainyoosha kwa kitufe cha kurekebisha, ikanyooka. Nilichokuja kukiona ni kwamba kitufe kile hakisogezi mwanga wowote. Kinaibana picha ndani ya picha, pikseli za pembeni zinazimwa, na maandishi madogo yanakosa makali. Dawa ni kuiweka projekta inapotaka yenyewe. Hii yetu ikikaa juu ya meza inataka lenzi iwe usawa wa ukingo wa chini wa picha, ikitazama mbele bila kuinama. Sisi tunakaa kwenye mikeka na mama kitandani kwake, kwa hiyo ukingo wa chini niliuweka sentimita 70 kutoka sakafuni, na meza ikakatwa miguu ifike hapohapo. Kuhakikisha kwamba imekaa katikati, uzi uleule: kutoka kwenye lenzi hadi kona ya chini kushoto, kisha kulia. Fundo likilingana, kitufe hakina kazi.

Kuhusu kitambaa, sikurudi kwenye bafta. Mama alikuwa na sababu yake, na mwanga nao ukawa na yake. Nilipokuwa naisafisha ile fremu iliyovunjika niliwasha tochi nyuma yake, nikahesabu vidole vyangu kupitia kitambaa. Mwanga unaopita kwenda nyuma ni mwanga uliopotea, na sehemu yake inagonga ukuta na kurudi imetawanyika, ndiyo maana sura zilikuwa na ukungu. Bibi yangu angetandika marekani, kile kitambaa kisichopaushwa ambacho jina lake limetokana na wafanyabiashara wa Salem, mji wa Marekani, walioleta majora yake pwani hii katika karne ya 19, lakini marekani nayo hupitisha mwanga na ina rangi ya ngano.

Nilichotumia kilikuwa kwenye rafu yangu siku zote: kitambaa cha kuzuia jua ambacho tunakishona ndani ya mapazia. Kina tabaka lisilopitisha mwanga, hakirudi kikipata maji, na jora lake lina upana wa mita 2.8, hivyo hakuna mshono. Upande wenye utelezi uwe nyuma, upande mkavu uwe mbele, la sivyo taa itang'aa katikati kama kwenye sahani. Hakitaki kuvutwa kama bafta. Ukikaza mno, pini zinakitoboa na tundu linatanuka, kwa hiyo nilikunja pindo mara mbili kabla ya kupiga pini.

Pembeni nilizungushia utepe wa mahameli nyeusi wa sentimita 6, unaomeza mwanga wowote unaovuka mpaka, na kwenye kuta za kushoto na kulia, karibu na skrini, nikatundika kaniki mbili. Chumba cha chokaa kinajirudishia mwanga chenyewe, na weusi wa kwenye picha unageuka kijivu. Kaniki zilileta tofauti kubwa kuliko nilivyotegemea. Na kwa kuwa weusi umezunguka kitambaa, hakionekani tena kama nguo iliyotandazwa. Mama alipoingizwa mara hii alikitazama, akauliza, "Hilo dirisha?" Nikamwambia ndiyo, ni kama dirisha. Akakaa.

Tuliiwasha baada ya isha, mvua zimekwisha, mlango umefungwa kwa khanga ili taa ya ukumbini isiingie. Mama alitazama kimya tangu bwana harusi alipofika mpaka bi harusi alipotolewa. Alimtambua dada yake kwenye mstari wa nyuma, akamtaja kwa jina la utotoni ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Halafu mikono ya bi harusi ikajaa skrini, akainua fimbo.

"Simamisha hapo. Hina ya mkono wa kushoto haijakolea."

Nilitazama. Kwenye kidole gumba na nusu ya kiganja rangi ilikuwa ya chungwa, kama imeoshwa mapema. Video ile nilikuwa nimeitazama kwenye simu mara nyingi na sikuwahi kuiona.

"Walimharakisha," mama akasema, na akaniomba nirudishe nyuma kidogo, aitazame tena.